Mashimo ya Mfalme Sulemani: Kitabu cha Baba, Filamu ya Mama

Ndugu msomaji, bila shaka nawe umewahi kuketi mbele ya filamu iliyotokana na kitabu ukipendacho, ukajikuta unanung'unika tangu mwanzo hadi mwisho. "Sivyo ilivyoandikwa!" ndivyo usemavyo moyoni, na pengine hata kwa sauti, mpaka jirani yako akakuomba unyamaze. Mimi nami nimekuwa miongoni mwa wanung'unikaji hao kwa miaka mingi. Leo nataka kukusimulia jinsi nilivyofundishwa kuacha tabia hiyo. Mwalimu wangu hakuwa mhakiki wa fasihi wala mtengeneza filamu; alikuwa mama yangu mzazi, ambaye kitabu chenyewe hajapata kukisoma.

Kitabu ninachokisema ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kiliandikwa kwa Kiingereza na H. Rider Haggard, kikatolewa London mwaka 1885. Yasemekana alikiandika baada ya kuwekeana dau la shilingi tano na nduguye, aliyemwambia kuwa hawezi kutunga hadithi nzuri hata nusu ya ile ya Kisiwa chenye Hazina. Mwaka 1929 kikatoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili cha Afrika ya Mashariki. Katika siku ambazo vitabu vya hadithi kwa lugha yetu vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole, kitabu hicho kilipita mkono hata mkono mashuleni mpaka kurasa zake zikalegea.

Nakala ya baba yangu haina jalada. Ameishona kwa uzi wa katani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Ngara, na jioni alikuwa akitusomea sura moja moja kwa mwanga wa koroboi. Nilipopelekwa kusoma Biharamulo, nikilala bwenini, nilikwisha kuijua hadithi yote kwa moyo. Nikawa nawasimulia wenzangu kila usiku kipande kimoja, nao wakinilipa kwa mahindi ya kuchoma. Siku niliyoishiwa hadithi nililala na njaa. Ndiyo maana kitabu kile kwangu si kitabu tu. Ni sehemu ya utoto wangu, na ni sauti ya baba yangu alipokuwa bado na nguvu.

Kwa wale wasiokijua, nitaeleza kwa ufupi. Mwindaji mzee, Allan Quatermain, anaajiriwa na Sir Henry Curtis amsaidie kumtafuta ndugu yake aliyepotea akitafuta machimbo ya almasi. Pamoja nao yumo baharia mmoja, Kapteni Good. Wanamchukua mtumishi mmoja mrefu, mwenye fahari ya ajabu, aitwaye Umbopa. Wanavuka jangwa na milima yenye theluji, wanafika katika nchi ya Wakukuana, ambayo dunia haiijui. Huko ndiko inakogundulika kuwa Umbopa si mtumishi hata kidogo. Jina lake halisi ni Ignosi, naye ndiye mfalme wa haki, aliyenyang'anywa kiti chake na Twala mdhalimu.

Wataalamu wa fasihi huihesabu riwaya hii kuwa chimbuko la hadithi za "dunia zilizopotea", ambazo ni jamaa wa karibu wa hadithi za kubuni za kisayansi. Undugu huo hauko mbali kuuona. Wageni wale wanapofika wanadai kuwa wametoka katika nyota. Wana mirija inayonguruma na kuua kwa mbali. Mmoja ana meno yanayotoka na kurudi kinywani. Wakukuana wanawatazama kama vile sisi tungelimtazama mtu aliyeshuka na chombo kutoka angani. Silaha yao kubwa kuliko zote ni elimu: Kapteni Good ana almanaka, yaani kalenda inayoonyesha mienendo ya nyota, nayo inamwambia siku ya kupatwa. Wanatabiri giza, giza linakuja, na watu wanatetemeka.

Hapo pana kisa ambacho baba yangu alipenda sana kukisimulia darasani. Katika chapa za kwanza Haggard aliandika kuwa lililopatwa ni jua, ilhali karibu na siku hiyo hiyo alikwisha kuandika habari za mwezi mpevu. Jambo hilo haliwezekani. Jua hupatwa wakati wa mwezi mwandamo tu, mwezi unapopita katikati ya jua na dunia. Mwezi nao hupatwa unapokuwa mpevu, dunia inapokaa katikati. Kosa lilipogunduliwa, katika chapa za baadaye Haggard akaligeuza jua kuwa mwezi. "Mnaona?" baba alikuwa akituuliza. "Hata mwandishi mkubwa husahihishwa na mbingu."

Lakini kilichomfunga baba na kitabu kile si kupatwa kwa mwezi. Ni maneno ya Ignosi karibu na mwisho, rafiki zake Wazungu wanapomuaga. Mfalme yule anatamka kuwa, isipokuwa wao watatu, hataki Mzungu mwingine avuke milima ile. Hataki wachuuzi wenye bunduki na pombe kali katika nchi yake. Haggard alikuwa mtu wa dola la Kiingereza, na kitabu chake kimejaa majivuno ya wakati ule, wala sitaki kukificha. Hata hivyo maneno hayo yamo, tena kinywani mwa mfalme Mwafrika. Kijana wa Kiafrika aliyeyasoma chini ya utawala wa kikoloni hakuyasahau. Baba yangu alikuwa mmoja wa vijana hao.

Sasa nije kwenye filamu. Hadithi hii imetiwa katika sinema mara nyingi. Mwaka 1937 ilitoka filamu ambamo Paul Robeson, mwimbaji mashuhuri Mmarekani Mweusi, alikuwa Umbopa. Iliyovuma zaidi ni ile ya mwaka 1950 ya kampuni ya MGM ya Marekani, iliyoongozwa na Compton Bennett na Andrew Marton, wakiigiza Stewart Granger na Deborah Kerr. Hiyo haikutengenezwa kwa mapazia yaliyochorwa. Waigizaji na wapiga picha walikuja huku kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Badala ya muziki wa okestra walitumia ngoma na sauti za mahali. Filamu hiyo ilipata Oscar mbili, moja kwa upigaji picha za rangi na nyingine kwa uhariri.

Kwa nafasi ya Wakukuana, watengenezaji waliwachukua Watutsi wa Ruanda. Umbopa aliigizwa na Mtutsi aitwaye Siriaque, na Twala na mtu aitwaye Baziga. Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga huenda asishtuke kusikia hivyo. Lakini sisi wa Ngara, Ruanda ile ni ng'ambo tu ya mto Kagera. Mhangaza na Mnyarwanda husalimiana na kuelewana bila mkalimani. "Nchi isiyojulikana na dunia" ya filamu ile ni nchi ambako bibi zetu walikuwa wakienda harusini.

Krismasi moja binti yangu, ambaye ni mpenzi mkubwa wa sinema, alikuja nyumbani Ngara na filamu hiyo katika kompyuta yake. Nilikuwa nimemwahidi baba kuwa ataiona kabla macho yake hayajafifia kabisa. Tukaweka kompyuta juu ya meza, watoto wakakaa mkekani, baba katika kiti chake, kitabu kisicho na jalada mapajani kama hakimu aliyeshika sheria. Mama alikaa karibu na mlango, akichambua maharage. Hadithi za Wazungu na almasi hazijapata kumshughulisha.

Kesi ikaanza mapema. "Huyu mwanamke ametoka wapi?" baba aliuliza. Kitabuni hakuna mwanamke katika msafara. Kwenye filamu anayetafuta ni mke, Elizabeth Curtis, na anayetafutwa ni mumewe. Njiani bibi huyo na mwindaji wanapendana. Baba akatikisa kichwa. Tukafika nchi ya Twala. Baba akangoja kupatwa kwa mwezi, kusije. Katika mashimo, mume anayetafutwa akaonekana kuwa mifupa mitupu, ilhali kitabuni ndugu wa Sir Henry anapatikana hai, mguu umevunjika. Na mwishoni kabisa, Umbopa akiisha kuwa mfalme, anawapa rafiki zake watu wa kuwasindikiza, basi. Onyo la Ignosi juu ya bunduki na pombe halikusikika.

"Wamekata ulimi wa mfalme," baba alisema. "Wamembakizia mwili tu, mrefu na mzuri, wa kutazamwa. Hiyo si filamu ya kitabu hiki."

Binti yangu hakukubali. "Babu, shikamoo kwanza, maana nataka kukupinga," alisema, nasi tukacheka. "Kitabuni, nani aliyemuua Twala?"

Baba alinyamaza kidogo. Alijua jibu, maana kitabu anakijua kuliko mtu yeyote. Kitabuni Umbopa hapigani na Twala. Anayepigana naye ni Sir Henry, Mwingereza. Yeye ndiye anayemkata kichwa, na Umbopa anapokea ufalme uliokombolewa na mkono wa mgeni.

"Na katika filamu?" mjukuu akauliza.

Katika filamu Umbopa anashindana na Twala mwenyewe kwa mwenyewe, mmoja wa watu wa Twala anafanya hila, na bado Umbopa anashinda. Wageni wanasimama kando wakitazama.

"Basi Babu, kitabu kimempa mfalme ulimi kikamnyima mkono. Filamu imempa mkono ikamnyima ulimi. Utasemaje kimoja ni halali na kingine ni haramu?"

Nilimwona baba akifungua kitabu, akakifunga tena. "Mjukuu wangu," alisema polepole, "hilo sikuliona kwa miaka sabini." Nami, niliyekuwa nimejiandaa kumuunga mkono baba, nilikosa la kusema. Nilidhani kesi imekwisha. Kumbe shahidi mkuu alikuwa bado hajasema.

Mama aliacha maharage. "Mwanangu," aliniambia mimi, "rudisha pale walipokuwa wakicheza."

Tukarudisha. Ni ile sehemu ambayo wacheza ngoma wa Kitutsi wanaruka na kutua, singa ndefu zikipepea vichwani kama za simba, miguu yote ikigonga ardhi kama mguu mmoja. Ni ngoma ya intore. Mama alisogeza kigoda mpaka karibu na kioo. Ilipokwisha akasema, "Tena." Ikachezwa tena. Akasema, "Tena, lakini polepole."

Ndugu msomaji, lazima nikueleze jambo ambalo watoto wangu hawakulijua mpaka usiku ule. Mama alizaliwa ng'ambo ya mto. Kaka yake mkubwa alikuwa mcheza intore. Mwezi Novemba mwaka 1959 machafuko yalipozuka Ruanda, nyumba zikachomwa, na maelfu ya watu wakaanza kukimbilia nchi za jirani. Mama alivuka na wazazi wake mwaka 1960, akiwa msichana. Kaka yake alibaki. Huku Ngara ndiko alikoolewa na mwalimu kijana wa Kihangaza aliyependa vitabu. Kwa miaka mingi barua zilikuja mara moja moja. Ya mwisho ilifika mwaka 1993.

Kilichofuata, watu wa Ngara hawahitaji kusimuliwa. Mwezi Aprili mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza, na mto Kagera ukaanza kuchukua maiti. Mwishoni mwa mwezi huo huo, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Mama alikwenda barabarani siku baada ya siku akitazama nyuso za waliopita. Kisha akaacha kwenda, na habari ile hakuitaja tena.

Na sasa, mbele ya kompyuta ya mjukuu wake, alikuwa akitazama nyuso tena.

"Umemwona, Bibi?" binti yangu alimuuliza, akiwa ameelewa kabla yetu sote.

"Sijui," mama alijibu. "Wanaruka sana. Lakini hawa ni watu wa nyumbani. Namna wanavyotua, ndivyo alivyotua." Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: "Majina yao yameandikwa wapi?"

Tulitazama orodha ya waigizaji. Siriaque yumo, Baziga yumo, na Sekaryongo aliyekuwa kikongwe Gagool yumo. Majina ya wacheza ngoma wale sikuyaona. Mwaka 1959, mwaka ule ule wa machafuko, MGM ilitoa filamu nyingine iliyoitwa Watusi, na ndani yake ikatumia tena picha zilizopigwa kwa ajili ya ile ya kwanza. Wazia jambo hilo: picha za watu wakiruka kwa furaha zikauzwa mara ya pili, katika mwaka ambao watu wa nchi ile walianza kukimbia na mafurushi vichwani.

Usiku ule sikulala upesi. Nilijiuliza: filamu inayotokana na kitabu ipimwe kwa kipimo gani? Mpaka siku hiyo kipimo changu kilikuwa kimoja, yaani kufanana. Ikifanana na kitabu ni nzuri, isipofanana ni mbaya. Kipimo hicho ni chepesi mno. Mwaka 1953 kitabu cha H. G. Wells cha mwaka 1898, kinachosimulia uvamizi wa viumbe kutoka sayari ya Mars, kilifanyiwa filamu na vita vikahamishwa kutoka Uingereza hadi California. Kuhama huko peke yake hakutoshi kuwa kosa. Hadithi ni kama mbegu ya mgomba. Huwezi kuikataza kuota katika shamba la pili.

Nadhani yatupasa kuuliza maswali matatu. Kwanza, kilichoachwa kilikuwa jani au kilikuwa moyo? Kupatwa kwa mwezi, pamoja na utamu wake, ni jani. Maneno ya Ignosi ni moyo, na hapo baba alikuwa na haki. Pili, kilichoongezwa kimemkuza mtu au kimempunguza? Umbopa aliyepigania kiti chake mwenyewe amekua, na hapo binti yangu alikuwa na haki. Tatu, na hili ndilo swali la mama: walioonyeshwa ni nani, na je, wametajwa kwa majina yao? Kitabu hakiwezi kuulizwa swali hilo, kwa kuwa Wakukuana wake ni watu wa kubuni. Filamu huulizwa, maana haiwezi kumwonyesha mtu wa kubuni bila kukopa uso wa mtu wa kweli. Na mkopo, ndugu msomaji, ni wa kulipwa.

Kwa swali hilo la tatu filamu ile ina deni ambalo halitalipwa. Lakini nitasema kweli: pamoja na deni lake, ilimpa mama kitu ambacho kitabu cha baba hakikuweza kumpa kwa zaidi ya miaka sitini waliyoishi nacho nyumba moja. Imehifadhi miguu ya watu wa kwao ikitua ardhini.

Wapo watakaosema hadithi kama hizi ni za zamani, hazituhusu tena. La hasha. Mashimo yamo huku huku kwetu. Dhahabu ya Tulawaka, Biharamulo, ilianza kuchimbwa mwaka 2005, na mwaka 2013 mgodi ule ukachukuliwa na shirika letu la STAMICO. Kabanga, hapa Ngara, kuna nikeli. Mwaka 2021 serikali ilitia saini mkataba na kuundwa kampuni ya Tembo Nickel, Watanzania wakiwa na hisa asilimia 16. Quatermain aliondoka na almasi alizojaza mifukoni. Sisi twajadiliana kwa mikataba ni nani ajaze mifuko, na kwa kiasi gani. Maneno ya Ignosi yalistahili kubaki katika filamu, kwa kuwa swali lake bado tunalo.

Hali kadhalika tumeanza kuzisimulia hadithi zetu kwa kamera zetu. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, ilifanyiwa filamu na Amil Shivji, Mtanzania, na mwaka 2021 ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto. Wapo waliosoma riwaya wakanung'unika, kama ilivyo ada. Wanung'unike! Lakini hapo nyuso, lugha na majina ni vyetu, na mtoto akiuliza "yule ni nani?" kuna wa kumjibu.

Basi Jumapili moja, ukipata nafasi, wakusanye watoto wako. Wasomee kitabu kwanza, kisha watazame filamu, halafu waache wabishane. Usiwanyamazishe upesi kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Na kama pembeni ameketi mzee achambuaye maharage, umuulize ameona nini.

Asubuhi ya pili, kabla binti yangu hajaondoka, baba alimwita. Alimwomba aiache filamu ile nyumbani. "Si kwa ajili yangu," alisema, akikirudisha kitabu chake rafuni. "Bibi yako hajamaliza kutazama."